Barua ya Wazi kwa Baraza la Kriketi la Kimataifa: Waandikeni, Hata Wakishindwa

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi,
Baraza la Kriketi la Kimataifa, ICC,
Dubai.

Waheshimiwa,



Hapa Dar es Salaam mimi ni mwandishi wa alama. Jumamosi, wasichana wa shule wanapocheza kriketi, hukaa pembeni mwa uwanja chini ya mwarobaini, nikiwa na daftari, penseli mbili na kifutio. Mpira ukirushwa na mkimbio usipatikane, naweka nukta. Nukta sita zikijaa ndani ya ova moja ya mipira sita, naziunganisha ziwe herufi M, ishara kwamba mrushaji huyo hakutoa hata mkimbio mmoja. Mpigaji akitolewa, naandika ametolewa vipi na nani. Na wale ambao mechi imeisha kabla zamu yao haijafika, mbele ya majina yao naandika neno moja: hakupiga. Gongo hawakulishika siku hiyo, lakini wamo. Kila jina lina mstari wake.

Siku moja binti wa kidato cha pili, amevaa kofia juu ya ushungi, alitolewa kwa mpira wa kwanza kabisa aliorushiwa. Alitoka uwanjani polepole, gongo likiburuzika kwenye nyasi. Nilidhani anakwenda kulia kwa wenzake. Akaja mezani kwangu. "Shangazi, umeniandika?" Nikamwonyesha: jina lake, sifuri, na jina la aliyemtoa. Akaweka kidole juu ya mstari ule, akausoma mara mbili. "Haya," akasema, "wiki ijayo naanzia hapa." Na kweli wiki iliyofuata alirudi, akapata mikimbio minne, akaja tena kuitazama.

Nimeanza na binti huyo kwa sababu ombi langu kwenu linafanana na swali lake. Wapo wanawake wa Afghanistan, wachezaji wa kriketi, ambao tangu mwaka 2021 wanawauliza nyinyi hivyo hivyo: mmetuandika? Daftari kuu la mchezo huu liko mikononi mwenu, na mstari wao hadi leo haujafunguliwa.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua thamani ya kuandikwa, maana tumeiona ikianzia chini kabisa. Mliamua kwamba kuanzia Julai 1, 2018, kila mechi ya wanawake ya ova 20 baina ya timu za taifa za nchi wanachama ihesabiwe kuwa mechi rasmi ya kimataifa. Ulikuwa uamuzi mwema, na nawashukuru kwa dhati. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2019, timu ya Mali ilifika Kigali kushiriki mashindano ya Kwibuka, yaliyoanzishwa mwaka 2014 kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo: kwibuka, kwa Kinyarwanda, ni kukumbuka.

Katika Uwanja wa Gahanga, Mali walitolewa wote kwa mikimbio 6. Mmoja tu ulitoka kwenye gongo. Mitano ilikuwa ya ziada. Rwanda walihitaji mipira minne kumaliza kazi. Siku mbili baadaye Uganda waliwapiga mikimbio 314. Kisha ikaja zamu ya timu yetu ya Tanzania, ikafikisha 285 kwa kupoteza wiketi moja, yaani mpigaji mmoja tu alitolewa, na Fatuma Kibasu akapata 108 bila kutolewa. Mali walijibu kwa 17.

Watu walisema mengi. Wapo waliocheka, na wapo waliohoji kama mechi za namna hiyo zinastahili kuingia kwenye kumbukumbu za kimataifa. Mimi niliitafuta kadi ya alama ya ile mechi ya mikimbio 6, nikaisoma mstari kwa mstari kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. Majina kumi na moja, sifuri juu ya sifuri, na hakuna hata mmoja aliyefutwa kwa sababu ya aibu. Mtoto wa mmoja wao akiuliza siku moja kama ni kweli mama yake aliichezea Mali, jibu lipo, lina tarehe, lina uwanja. Mliwapa wasichana wale kitu ambacho kipigo hakikuweza kuwanyang'anya.

Na waangalieni hao waliowafunga Mali siku ile. Januari 2023, kwenye Kombe la Dunia la kwanza la wasichana wa chini ya miaka 19 lililofanyika Afrika Kusini, Rwanda waliingia wakiwa timu ambayo wengi hawakujua kama ipo. Dhidi ya Zimbabwe, Henriette Ishimwe aliwatoa wapigaji wanne kwa mipira minne mfululizo. Siku chache baadaye wakawafunga West Indies, jina ambalo wazee wetu walilisikia redioni kama hadithi ya majitu. Miaka miwili baada ya hapo, nchini Malaysia, wasichana wa Nigeria waliifunga New Zealand kwa mikimbio miwili katika mechi iliyofupishwa na mvua. Timu hizo hazikuanguka kutoka mbinguni zikiwa tayari. Zilipigwa, zikaandikwa, zikarudi.

Hata mabingwa wenu wa sasa wamepita njia hiyo. India walifungwa na Australia katika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2005. Mwaka 2017, uwanjani Lord's, walikosa mikimbio tisa tu kuwafikia England baada ya Anya Shrubsole kuchukua wiketi sita. Machi 8, 2020, ndani ya Melbourne Cricket Ground, mbele ya watazamaji 86,174, walifungwa tena na Australia, safari hiyo kwa mikimbio 85 katika fainali ya ova 20. Siku hiyo Shafali Verma wa India alikuwa na miaka 16. Katika ova ya kwanza aliudondosha mpira ambao ungemtoa Alyssa Healy, na Healy akafika 75. Ilipofika zamu ya India kupiga, Shafali alitolewa akiwa na mikimbio miwili. Picha za machozi yake zilizunguka dunia nzima.

Miaka mitano na nusu ikapita. Mwaka 2025 Kombe la Dunia lilipofanyika India na Sri Lanka, Shafali hakuwamo hata kwenye kikosi cha awali. Aliitwa kabla ya nusu fainali kwa sababu mwenzake alikuwa ameumia. India yenyewe ilikuwa imepoteza mechi tatu mfululizo katika hatua ya kwanza. Kwenye nusu fainali Jemimah Rodrigues akapata 127 bila kutolewa, wakaifikia alama ya 338 ya Australia na kuipita. Novemba 2, mjini Navi Mumbai, Shafali akapiga 87 na kuchukua wiketi mbili, akawa mchezaji bora wa fainali. Deepti Sharma, aliyekuwa uwanjani Lord's akiwa kijana mwaka 2017, akapata 58 na kuchukua wiketi tano. Nahodha Harmanpreet Kaur, naye mmoja wa walioumia Lord's, ndiye aliyeudaka mpira wa mwisho. Kisha wakawaita dada zao waliostaafu, Mithali Raj na Jhulan Goswami, wakawakabidhi kombe walishike.

Upande wa pili wa uwanja alisimama Laura Wolvaardt wa Afrika Kusini, aliyepata 169 kwenye nusu fainali na 101 kwenye fainali yenyewe, na bado akashindwa. Afrika Kusini wamecheza fainali tatu za dunia kwa miaka mitatu: Cape Town 2023, Dubai 2024 na Navi Mumbai 2025. Wamepoteza zote. Mwafrika yeyote anayeupenda mchezo huu aliumia nao. Lakini najua, na nyinyi mnajua, kwamba watarudi, kwa sababu nafasi yao ya kurudi ipo.

Ndiyo maana nasema kushindwa ni haki kabla hakujawa majonzi. Shafali wa miaka 16 hakuhitaji kuhurumiwa. Alihitaji mechi nyingine, na nyingine tena, mpaka ile siku yake ifike. Dunia ya kriketi ilimpa. Wenzake wa Afghanistan wamenyimwa hata ile siku ya machozi.

Tukumbushane yaliyotokea. Novemba 2020, Bodi ya Kriketi ya Afghanistan iliwapa mikataba wachezaji wanawake 25. Kabla mwaka haujatimia, Agosti 2021, Taliban walirudi madarakani, na michezo ya wanawake ikazimwa pamoja na shule za sekondari za wasichana. Baadhi ya wachezaji wamesimulia walivyolazimika kuficha au kuchoma vifaa na vyeti vyao ili visije vikawaponza. Wengi wao walivuka mpaka kwa hofu, na kwa msaada wa watu wachache wenye moyo, akiwemo mchezaji wa zamani wa Australia Mel Jones, wakafika Australia. Huko wanafanya kazi, wanasoma na wanachezea klabu za mitaani.

Katikati ya mwaka 2024, wachezaji 17 waliwaandikia nyinyi barua wakiomba msaada wa kuunda timu ya wakimbizi yenye makao Australia. Januari 30, 2025, uwanjani Junction Oval, Melbourne, walicheza pamoja kwa mara ya kwanza tangu waikimbie nchi yao. Nahodha alikuwa Nahida Sapan. Walikabiliana na timu iliyoitwa Cricket Without Borders, wakapata mikimbio 103, wakafungwa kwa wiketi saba. Nilisoma habari zao usiku huo nikajiona nimekaa pembeni mwa uwanja ule na penseli yangu. Walifungwa, na walikuwa na furaha ambayo haisemeki. Lakini katika kumbukumbu zenu za mechi za kimataifa, mechi ile haimo. Mali ya mikimbio 6 imo, na iwemo milele. Afghanistan ya mikimbio 103 haimo.

Naijua sababu mnayoitoa. Mmesema kwamba timu ya taifa hutambuliwa kupitia bodi ya nchi husika, na kwamba si haki kuiadhibu bodi hiyo au wachezaji wake kwa kufuata amri za serikali yao. Nimeitafakari hoja hiyo bila kuidharau. Ninayo majibu mawili.

La kwanza ni Zimbabwe. Julai 2019 mliisimamisha Zimbabwe uanachama kwa sababu serikali iliingilia uendeshaji wa chama chake cha kriketi. Miezi miwili tu kabla ya hapo, wanawake wa Zimbabwe walikuwa wameshinda mchujo wa Afrika jijini Harare na kupata tiketi ya kwenda Scotland kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia la ova 20. Tiketi ile ikapotea. Namibia wakaenda badala yao. Wanawake hawakuwa wameingilia lolote, ila bili ililetwa mezani kwao. Sasa iko Afghanistan, ambako serikali haikuishia kuingilia chama: imeifuta nusu nzima ya wachezaji. Huko uanachama kamili wa mwaka 2017 umebaki, ingawa masharti yake yanadai kuwepo kwa kriketi ya wanawake, na mgao wa mamilioni ya dola unaendelea kwenda. Na bili? Imeletwa tena kwa wanawake. Serikali ikiingilia, wanawake walipe. Serikali ikiwafuta, wanawake walipe. Niambieni, Waheshimiwa, ni lini watakula bila kuletewa bili ya wengine?

Simwombi mtu yeyote awafungie wanaume wa Afghanistan. Nimewatazama Rashid Khan na Mohammad Nabi kwa miaka mingi, na Desemba 2024 nilisoma kauli zao walipotetea hadharani haki ya wasichana wa nchi yao kusomea uuguzi na ukunga. Walisema wakiwa na familia na jamaa nyumbani, na hilo linahitaji kifua. Kumnyang'anya Rashid mpira hakutampa Nahida gongo. Ninachoomba ni mstari mpya uongezwe kwenye daftari. Mstari uliopo usifutwe.

Jibu la pili ni historia yenu. Kombe la Dunia la kriketi la kwanza kabisa lilikuwa la wanawake. Lilichezwa England mwaka 1973, miaka miwili kabla ya lile la wanaume, kwa juhudi za Rachael Heyhoe Flint na fedha za Jack Hayward, pauni 40,000. Na tazameni timu zilizoshiriki: pamoja na England, Australia na New Zealand, walikuwamo Jamaica, walikuwamo Trinidad na Tobago, ilikuwamo timu ya vijana ya England, na ilikuwamo timu ya wachezaji waliokusanywa kutoka nchi mbalimbali. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, wanawake walipanga kombe lao kwa kuangalia nani yupo na anataka kucheza. Baraza la Kimataifa la Kriketi la Wanawake, lililoundwa mwaka 1958, ndilo lililoutunza mchezo huo hadi mwaka 2005 lilipoungana na nyinyi. Siku ile mlirithi makombe na mechi. Mlirithi pia dhamana. Mwanamke wa Afghanistan hana baraza jingine la kwenda kubisha hodi. Mlango ni wenu peke yenu.

Wapo wanaonong'ona kwamba hili ni jambo la dini na mila, tuwaachie wenyewe. Mimi ni Mwislamu, na kwenye meza yangu ya alama ushungi haujawahi kumzuia mtoto kurusha mpira. Kwenye Kombe la Dunia la 2025 Pakistan waliongozwa na Fatima Sana, na Bangladesh na Nigar Sultana. Hapo hapo Dubai mlipo, Falme za Kiarabu zina timu ya taifa ya wanawake. Mabinti waliopewa mikataba Kabul mwaka 2020 walikuwa Waislamu, mabinti wa Waislamu, na bodi ya nchi yao ndiyo iliyotia saini.

Yapo pia yanayosemwa kuhusu ukimbizi, kwamba timu isiyo na ardhi si timu. Hapo historia ya mchezo wetu inajibu kwa sauti kubwa. Kriketi ya Afghanistan yenyewe ni mtoto wa kambi. Wanaume walioianzisha walijifunza wakiwa wakimbizi Pakistan, kwenye vumbi la kambi za pembeni mwa Peshawar. Mwaka 2008 walikuwa bado kwenye daraja la tano la ligi yenu ya dunia, wakicheza kisiwani Jersey. Juni 2024 walicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia la ova 20. Siku hiyo Afrika Kusini waliwatoa wote kwa mikimbio 56, na hakuna aliyesema waondolewe kwenye orodha. Na Rwanda je? Walioipeleka kriketi Kigali baada ya 1994 ni watu waliorudi kutoka uhamishoni, wengi wakiwa wameujua mchezo huo Uganda na Kenya. Leo wana Gahanga, wana Ishimwe, wana wasichana waliowafunga West Indies. Mkimbizi ameubeba mchezo huu mgongoni zaidi ya mara moja, na kila mara alipopewa uwanja amewalipa kwa riba.

Wenzenu wa soka wameshathubutu. Mwaka 2025 FIFA iliidhinisha timu ya wanawake wakimbizi wa Afghanistan, na mwishoni mwa Oktoba ikawapangia mechi nchini Morocco. Walifungwa na Chad sita kwa moja. Wakafungwa na Tunisia nne bila. Kisha wakaifunga Libya saba bila. Wiki ile ile Harmanpreet alipokuwa akilingojea kombe lake Navi Mumbai, mabinti wa Kabul na Herat walikuwa wakikumbatiana Morocco. Ilichukua mechi mbili za kushindwa kufika kwenye ile ya tatu. Bila ya kwanza na ya pili, ya tatu isingekuwapo.

Nakiri mmeanza kusogea. Aprili 2025 mlitangaza kikosi kazi mkishirikiana na bodi za India, England na Australia, pamoja na mfuko wa kuwasaidia wachezaji hawa na mpango wa mazoezi ya kiwango cha juu. Lililo jema lisemwe kuwa jema. Lakini mazoezi yana mwisho wake. Mchezaji anayefanya mazoezi bila mechi ni kama mpishi anayenoa kisu kila siku na chakula hakiletwi. Umri wa mchezaji nao haungoji vikao. Aliyekuwa na miaka 20 alipotia saini mkataba ule sasa yuko katikati ya miaka yake bora, na inapita.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba mambo manne.

Kwanza, iandikisheni timu ya wanawake wa Afghanistan walio uhamishoni, mechi zake zihesabiwe rasmi, na ipewe nafasi kwenye orodha ya viwango kama timu nyingine. Kanuni inayozuia mliiandika wenyewe. Mnaweza kuongeza kifungu chini yake.

Pili, katika mgao unaokwenda Afghanistan kila mwaka, tengeni fungu la wanawake na mlipeleke kwao moja kwa moja. Uanachama kamili hupewa nchi nzima, na nusu ya nchi hiyo haioni hata senti.

Tatu, wapeni ratiba yenye tarehe na viwanja. Waingizwe kwenye michujo. Yanakuja mashindano ya Los Angeles 2028, ambako timu sita za wanawake zitacheza kriketi ya Olimpiki, na harakati za Olimpiki zimekuwa na timu ya wakimbizi tangu Rio 2016. Hamtakuwa mnafungua njia msituni, njia imeshakanyagwa.

Nne, wachezaji wenyewe wakae mezani maisha yao yanapojadiliwa, na taarifa za kikosi kazi zitolewe hadharani. Wahenga wetu walisema asiyekuwapo na lake halipo. Hawa hawakukosekana kwa hiari yao. Wameondolewa, na haifai la kwao lipotee kwa sababu hiyo.

Nanyi, viongozi wa vyama vyetu vya kriketi vya Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, barua hii inawahusu. Msikae mkingoja Dubai. Andikeni pamoja mkiomba timu hiyo ialikwe Gahanga, kwenye mashindano yenye jina la kukumbuka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watakapokutana na Tanzania, Fatuma Kibasu asipunguze nguvu ya gongo hata kidogo, maana huruma uwanjani ni namna nyingine ya kumwambia mtu hayumo. Wapigwe kama wanavyopigwa wengine, wapige kama wanavyopiga wengine, na kadi ya alama itoke na majina ya pande zote mbili.

Niwasimulie la mwisho kutoka mezani kwangu. Jumamosi moja tulifika uwanjani tukaambiwa tuondoke, klabu moja ya wanaume ilikuwa na mazoezi. Wasichana waling'oa vijiti vyao, wakavuka barabara, wakavichimbia kwenye mchanga wa kiwanja cha jirani. Mpira haukudunda, nyasi hazikuwapo, mpaka tuliuchora kwa kisigino. Nikafungua daftari juu ya magoti. Kabla hawajaanza, nahodha wa kila upande alinipa orodha yake, nikaandika majina kumi na moja, na mengine kumi na moja. Ndivyo kila mechi inavyoanza, iwe kwenye mchanga wetu au Lord's. Sijawahi kumwona mwandishi wa alama anayengoja aone nani atafaulu ndipo amwandike. Majina huandikwa kwanza. Mpira wa kwanza hurushwa baadaye.

Orodha ya Afghanistan ipo tangu Novemba 2020, ina majina 25. Chukueni penseli.

Wenu katika mchezo,
Mwandishi wa alama,
Dar es Salaam.